Huduma ya Kwanza Chekechea: Tuliyojifunza kwa Fedha Zenu

(Mazungumzo ya walimu wa kituo cha watoto mbele ya wanachama, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)

  

  Katibu ametupa dakika 15 na ametuonya kwamba zikiisha atagonga meza, kwa hiyo hatutarudia yale ya hisa na mikopo aliyoyaeleza Mweka Hazina. Ameyaeleza vizuri, hata sisi ambao hesabu zetu ni za vidole vya watoto tumeelewa. Tumekuja kuzungumza juu ya fedha moja tu, ile iliyotoka kwenye mfuko wa jamii mwaka 2018 ikatusomesha huduma ya kwanza sisi walimu watatu pamoja na mpishi wetu. Fedha ile ilileta maneno mengi. Wengine mliomo humu ndani mlikuwa hamuitaki, na leo tumekuja kuwapa hesabu yake.

Tuanze na jambo lenyewe lilivyokuwa. Mwaka huo kituo chetu kilikuwa bado kichanga. Siku moja wakati wa mapumziko mtoto wa kiume, ambaye alikuwa hajatimiza miaka minne, alikuwa anakula ubuyu. Ubuyu ule wa rangi, mnaujua. Akacheka na mwenzake huku mbegu imo mdomoni. Ghafla akanyamaza. Hilo ndilo la kwanza ambalo tulikuwa hatulijui: mtoto aliyekabwa kweli kweli hapigi kelele. Hakohoi, halii, hasemi "mwalimu". Anakutazama tu, macho yamemtoka.

Sasa sikilizeni tulichokifanya sisi walimu wenu. Mmoja wetu alimshika miguu akamning'iniza kichwa chini. Wa pili akakimbilia kikombe cha maji. Wa tatu akamtia kidole kooni kuitafuta ile mbegu, na kwa kidole hicho hicho akaisukuma ndani zaidi. Midomo ya mtoto ikawa rangi ya zambarau. Wakati huo watoto wengine 38 wanalia, geti liko wazi, na wawili wao tuliwakuta baadaye ng'ambo ya barabara kwa muuza miwa.

Mbegu ilitoka. Mpaka leo hatujui ni kipi kilichoitoa. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, daktari akamwangalia koo, akauliza, "Nani amemtia kidole?" Sote tukatazama sakafu. Mama wa mtoto yule yupo humu ukumbini, na ndiye aliyeturuhusu kuyasema haya.

Basi jambo likaja kwenye mkutano wenu wa wiki. Mnakumbuka ulivyokuwa. Mmoja akasema walimu si wana posho, wajisomeshe wenyewe. Mwingine akasema huduma ya kwanza ni kazi ya manesi, na hospitali ipo. Mwingine, na huyu alikuwa na hoja, akasema mfuko wa jamii ni wa misiba na maradhi ya wanachama. Tukianza kuuchota kwa semina, siku ya msiba tutazikana kwa nini? Ndipo yule mama yetu anayeuza samaki, ambaye kwa kawaida hasemi mkutanoni mpaka zamu ya faini, akauliza swali moja tu: "Kutoka hapa Makorora mpaka Bombo, bajaji inakwenda dakika ngapi?" Wakamjibu dakika kumi na ushee, kama umeipata hapo hapo. Akasema, "Na mtoto anakaa dakika ngapi bila pumzi?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyejua. Sasa tunajua. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika 4 hivi huanza kuharibika. Kura zikapigwa kwa mikono, 14 kwa 11. Kwa hiyo tulipita, lakini tulipita kwa tundu la sindano.

Mafunzo yalichukua Jumamosi tano. Mkufunzi alikuwa muuguzi mstaafu, mama mkali kidogo, asiyetaka kuona kalamu. Sisi walimu tumezoea kuandika, tukaja na madaftari mapya. Akayakusanya yote akayaweka mezani, akasema, "Mtoto akikabwa mtampigia daftari mgongoni?" Akaleta mdoli, kila mtu akapiga magoti.

Siku ya kwanza alitupa historia kidogo. Alitueleza habari za Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi aliyewakuta majeruhi wa vita vya Solferino, kaskazini mwa Italia, mwezi wa Juni 1859. Maelfu wamelala bila mtu wa kuwafunga jeraha. Akina mama wa mji wa Castiglione wakatoka majumbani kwao wakawahudumia askari wa pande zote bila kubagua. Kutokana na aliyoyaona huko, kamati ikaundwa Geneva mwaka 1863, ikawa ndiyo mwanzo wa Msalaba Mwekundu. Hapa kwetu chama hicho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1962, mara tu baada ya uhuru. Mpishi wetu akauliza, "Na hao akina mama majina yao yameandikwa wapi?" Mkufunzi akacheka, akasema tuendelee na bandeji.

Kwa kuwa mbegu ya ubuyu ndiyo iliyotupeleka darasani, tulikaa sana kwenye mtoto aliyekabwa, na tunaomba na ninyi mtuvumilie hapa, maana mna watoto na wajukuu. Akiwa anaweza kukohoa au kulia, usimguse. Mwache akohoe, mhimize akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Akishindwa kukohoa na sauti haitoki, hapo usingoje. Mwinamishe mbele, umshike kifua kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, sehemu ngumu ya kiganja karibu na kifundo, mpige katikati ya mabega mara 5, kila pigo likiwa na nia ya kuitoa. Si kule kupapasa mgongo tunakokufanya tukisema "shuka shuka". Haijatoka? Piga magoti nyuma yake, kunja ngumi uiweke juu ya kitovu na chini ya kifua, ishike kwa mkono wa pili, uvute kwa ndani na kwa juu, mara 5. Halafu unarudi mgongoni. Unabadilishana hivyo mpaka itoke. Namna hii ya kubana tumbo aliieleza daktari wa Marekani, Henry Heimlich, mwaka 1974, kwa hiyo bibi zetu hatuna haki ya kuwalaumu kwamba hawakutufundisha.

Mtoto mchanga, yaani ambaye hajatimiza mwaka, habanwi tumbo hata kidogo. Unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kidogo, unampiga mgongoni mara 5. Ikishindikana unamgeuza chali unambonyeza kifuani, katikati, mara 5. Na yeyote aliyebanwa tumbo, hata kama sasa anacheka na anataka uji, apelekwe akaonwe na daktari, kwa sababu ndani kunaweza kuwa kumeumia. Kidole kooni kwa kubahatisha, hapana. Maji, hapana. Lile tonge la ugali tunalomezeshana mwiba wa samaki ukikwama, kwa mtoto asiyepumua ni kumzibia zaidi.

Tukirudi kituoni tukaona kwamba kujua kupiga mgongo hakutoshi kama kila asubuhi ubuyu unaingia getini. Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba, inakaribia unene wa kidole chake kidogo cha mkono. Mbegu ya ubuyu, karanga nzima, kokwa ya zambarau, peremende ya duara, vyote hivyo vinaikaa sawasawa kama kizibo. Tukapiga marufuku. Karanga zikasagwa zikatiwa kwenye uji. Lakini ubuyu wa getini ulikuwa wa nani? Wa mwanachama mwenzenu, tena kwa mkopo wa kikundi hiki hiki! Alikuja ofisini amekasirika, na tunasema kweli, alikuwa na haki. Alituuliza, "Mnanifunga biashara kwa fedha za mfuko ambao na mimi nimeuchangia?" Hatukuwa na jibu zuri. Wiki mbili hatukusalimiana vizuri. Aliyelimaliza ni yeye mwenyewe: akaanza kuloweka ubuyu, akatengeneza barafu za ubuyu. Barafu inayeyuka mdomoni, haina mbegu. Leo anauza hapo getini na kwenye shule ya msingi jirani, na anasema zinatoka kuliko ule wa kwanza. Tulimwomba aje asimame hapa nasi, akasema ana wateja.

Jambo la pili lilikuwa kuungua. Kituo chenye sufuria ya uji saa nne asubuhi na watoto 40 wanaozunguka miguuni ni hatari iliyowekwa juu ya mafiga. Mwaka 2019 mtoto wa kike alivuta kitambaa cha meza, birika la chai ya walimu likamwagikia mkono. Mpishi alikuwa wa kwanza kufika. Akamvua shati kabla halijagandamana na ngozi, akauweka mkono chini ya maji yanayotiririka, akaangalia saa. Dakika 20, mama zetu. Si kuchovya na kutoa. Dakika 20 za maji ya kawaida ya baridi, si barafu, ili joto litoke ndani ya nyama. Katikati ya dakika hizo bibi wa mtoto akafika mbio, kaitwa na majirani, mkononi ana dawa ya meno. Akataka kuipaka. Mpishi akamwambia, "Bibi, shikamoo, nisamehe sana, leo hupaki." Bibi akasema maneno ambayo hatutayarudia mbele ya mgeni rasmi. Lakini dawa ya meno, mafuta, asali, unga, ute wa yai, vyote hivyo vinafunika joto na kuleta uchafu kwenye kidonda, na hospitali wanalazimika kuvikwangua mtoto akilia. Mkono ukafunikwa kwa kitambaa safi bila kubana, malengelenge hayakupasuliwa, mtoto akapelekwa. Mkono ule leo una alama ndogo tu karibu na kiwiko.

Siku ile bomba lilikuwa na maji. Tukajiuliza, je, siku maji yakikatika? Ndiyo maana mnaliona lile pipa la bluu lenye koki pale karibu na jiko. Kuna wazazi wametulalamikia kwamba tunaficha maji wakati watoto wananawa kwa kopo. Hatulifichi. Lile hujazwa kila asubuhi na haliguswi, ni la kuungua.

Na sanduku la dawa. Kabla ya mafunzo tulikuwa nalo, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni za vituo vya kulelea watoto mchana za mwaka 2014 zinataka kituo kisajiliwe na kukaguliwa, nasi tulitaka kuonekana tumejiandaa. Ndani mlikuwa na plasta chache, mkasi wenye kutu, na vidonge vya maumivu vilivyokwisha muda wake. Nalo lilifungwa kwa kufuli na ufunguo anao mwalimu mkuu, ambaye anaweza kuwa sokoni. Mkufunzi alipoliona akauliza hilo ni la fedha au la dawa. Tangu hapo la fedha ndilo la kufuli tatu. La huduma ya kwanza limewekwa juu, mtoto asilifikie, lakini halifungwi. Lina shashi, bandeji, glovu, mkasi, sabuni, na vipande vya pembe tatu tulivyokata kwenye kanga kuukuu kwa ajili ya kuning'iniza mkono uliovunjika. Kanga zile mlitoa ninyi. Moja ina jina la timu ya mpira na imeleta ugomvi wake, lakini mkono hauna timu.

Tulifundishwa pia kugawana kazi, na hilo pengine ndilo lililotusaidia kuliko yote. Mmoja anabaki na aliyeumia. Mmoja anawakusanya wengine darasani na kufunga geti. Mmoja anapiga simu ya mzazi na kutafuta chombo. Namba za wazazi zimebandikwa nyuma ya mlango. Akina mama, zimeni simu zenu kwenye ibada, lakini mkitoka ziwasheni, tafadhalini.

Mwaka 2020, miezi michache baada ya vituo kufunguliwa tena kufuatia kufungwa kwa ajili ya korona, mtoto mwingine alikabwa na kipande cha muhogo. Kilitoka kwa pigo la tatu la mgongoni. Hatukuzidi hata nusu dakika. Mwenzetu aliyempiga ndiye yule wa kidole cha mwaka 2018. Alikaa chini akalia peke yake, mtoto mwenyewe anaomba muhogo mwingine.

Tungeweza kuishia hapo, na ingependeza kuandikwa katika kitabu hiki. Lakini tulikubaliana kwamba tukija mbele yenu tutasema yote.

Mwaka 2022 mtoto mmoja aliamka na joto, mama yake hakujua, akamleta. Saa tano akapatwa na degedege. Mwili umekakamaa, macho yamepinduka, povu mdomoni. Yote tuliyofundishwa juu ya degedege tulikuwa tumefundishwa miaka minne nyuma, kwa saa moja, na tangu hapo hatukuwahi kuyafanyia mazoezi. Mmoja wetu akachukua mpini wa kijiko akautia katikati ya meno asijing'ate ulimi. Mwingine akamkandamiza mikono isitikisike. Jirani akaja na habari za kumfukiza. Mtoto alitulia mwenyewe baada ya dakika tatu, zahanati wakampima wakakuta malaria, akatibiwa, akapona. Lakini jino la mbele lilikuwa limevunjika, na aliyelivunja si degedege. Ni sisi.

Tuliwaendea wazazi wake jioni ile tukawaambia. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mlikuwa na cheti ukutani." Mama zetu, neno lile lilitukaa. Cheti kilikuwa ukutani kweli, na jina la kila mmoja wetu limeandikwa vizuri kwa wino mweusi.

Tulimfuata mkufunzi nyumbani kwake. Hakutufokea. Alisema ujuzi wa mikono huanza kupungua ndani ya miezi michache usipoufanyia mazoezi, hata kwa manesi. Akatufundisha upya pale pale kwenye mkeka wake. Mtoto wa degedege analazwa ubavu ili mate yatoke nje. Vitu vya kumuumiza vinaondolewa karibu, nguo za shingoni zinalegezwa. Hakuna kinachotiwa mdomoni: kijiko, kitambaa, dawa wala maji. Hakandamizwi. Unaangalia saa tangu ilipoanza. Ikivuka dakika 5 hungoji iishe, unakwenda naye. Na hata ikiisha mapema lazima apelekwe kupimwa, kwa sababu huku kwetu joto na degedege vinaweza kuwa malaria kali, na malaria kali haina subira.

Tangu siku ile tuna utaratibu. Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, watoto wakishaondoka, tunafanya mazoezi kwa nusu saa. Mmoja anataja tukio bila kutuonya: amekabwa, ameungua, amekunywa mafuta ya taa. La mafuta ya taa tulikuwa tunalikosea sote. Mtoto asitapishwe wala asinyweshwe maziwa, kwa sababu akitapika mafuta yanaingia mapafuni. Tunambonyeza mdoli kifua mara 30 na kumpulizia pumzi mara 2, tunahesabu kwa sauti, na mlinzi naye sasa anajua. Majirani wanadhani ni kwaya.

Ndugu Mwenyekiti, tunakuja kwenye ombi letu. Mkutano ujao mtaamua fedha za mfuko wa jamii zilizobaki zigawanywe au zihifadhiwe. Tumesikia wengi wanataka mgawo, na mwezi huu ni wa ada za shule, hatuwalaumu. Tunaomba kabla ya kugawana itengwe sehemu ya kumlipa mkufunzi kwa siku moja kila mwaka. Si Jumamosi tano, siku moja. Mwaka huu tuna mwalimu mpya ambaye hajawahi kumgusa mdoli, na watoto wake ndio wadogo kuliko wote. Walio kinyume waseme kinyume, kama mwaka ule. Yule mama aliyesema mfuko ni wa misiba hakukosea, nasi hatuna hoja ya kumshinda zaidi ya hii tuliyoileta.

Siku hiyo ikipatikana, tunataka na ninyi mje. Mtoto anakaa kwetu mpaka saa sita na nusu, zilizobaki ni zenu, na dawa ya meno iko kwenu. Njooni na kanga moja kuukuu kila mtu. Na mwenye mdoli mkubwa nyumbani ambao watoto hawauchezei tena, tunaomba atuletee, kwa maana ule wetu kichwa kimeng'oka Ijumaa iliyopita na mlinzi ameufunga kwa waya.

 Katibu hajagonga meza.